Wodi yetu ya kujifungulia iliandikwa "complete" kwenye bajeti, na ndani kulikuwa na mbuzi

Wakuu, habari zenu. Leo nawapa ya kwangu, na sijaongeza chumvi. Niko Ukambani, pale Kitui na Makueni zinapopakana. Kaunti gani, niruhusuni nisitaje.

Mimi ni fundi wa nguo. Mambo ya bajeti nilikuwa nawaachia watu wa tai.

Dispensary yetu ilijengewa maternity. Kuta, mabati, rangi, yote safi. Lakini vitanda hakuna, maji hakuna, stima hakuna. Mlango ukaoza, mbuzi wakahamia.

Halafu Mwende, mke wa kaka yangu, akajifungulia kando ya barabara akipelekwa hospitali ya mbali. Walipona wote wawili, lakini mimi sikulala vizuri tena.

Chief alipotangaza public participation, kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti, nikafunga duka nikaenda.

Tuligawiwa kitabu kinene. Mbele, pesa zilizotumika miaka iliyopita. Nyuma, makadirio ya miaka ijayo. Wengi walikitumia kujipepea wakingoja soda, tusidanganyane.

Mimi nimezoea kulinganisha vipimo. Nikaweka kidole mbele na kingine nyuma. Miaka iliyopita, maternity yetu: complete. Miaka ijayo: haipo. Hata shilingi moja.

Nikainua mkono.

"Madam, hii maternity imekamilika aje na ndani kuna mbuzi?"

Watu wakacheka. Afisa wa fedha, dada mmoja mpole, hakucheka. Nikampelekea simu aone picha niliyopiga ya mbuzi wale. Akaangalia, akarudia kitabu.

"Mama, jengo ndilo lilikamilika. Vifaa na maji vilifaa kuombwa kando. Hakuna aliyeomba."

"Basi naomba leo."

Mzee mmoja akaniambia niketi, tunachelewa. Hapo Mama Kasyoka, kiongozi wa kwaya yetu, akasimama.

"Yeye akiketi, mimi nimesimama. Sisi ndio tunazaa."

Akina mama wote wakasimama. Wote, wakuu!

Afisa akatuambia tuliandike ombi, tusaini. Tuliandika papo hapo. Wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba.

Bajeti ilipopitishwa, nilienda ofisi ya ward kuisoma mwenyewe. Pesa za maternity yetu zilikuwepo! Nilipiga kelele mpaka karani akaangusha chai.

Kazi ilichukua zaidi ya mwaka, na tulifuatilia bila kuchoka. Lakini mwezi uliopita nilikuwa nje ya hiyo wodi, nikasikia mtoto wa kwanza akilia ndani. Nesi akafungua dirisha: "Msichana!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, sijui niwaambie nini. Tuliimba mpaka nesi akatufukuza, eti mama anataka kulala.

Nilichojifunza: usisome tu wanachopanga kufanya. Soma pia wanachosema kimeshafanyika, halafu uende uone kwa macho.

Kama umewahi kusimama kwenye kikao cha aina hii kwenu, tuambie iliendaje. Na kama unaogopa kusimama, niulize hapa. Nitakujibu.