Siku Mama Mkwe Aliponijia Kinyumenyume

Aibu yangu naisema mwenyewe, maana hapa Nyamwaga kila anayeisimulia ana kipande chake anachoongeza. Nilikuwa nimesimama katikati ya mnada wa Kenyamonta, mchana kweupe, mikono kichwani, mvua inanipiga, mwilini sina kitu isipokuwa bukta ya ndani ambayo mke wangu aliishona kwa mfuko wa unga, na kwa bahati mbaya kipande cha makalioni ndicho kilikuwa na maandishi, KILO HAMSINI, watu wanayasoma kwa sauti, na jamaa mmoja anasema, "Hapana bwana, huyu hafiki hamsini, wamepunja," halafu nikainua macho nikamwona mama mkwe wangu. Mama mzazi wa mke wangu, amesimama na kapu lake la ndizi.

Anayejua heshima ya mkwe kwetu Wakurya nadhani ameshaweka mkono mdomoni. Asiyejua nimweleze: mama mkwe humpi mkono, huli mbele yake, na mkikutana njiani mmoja anaingia majanini ili mwingine apite. Sasa huyo ndiye aliyenikuta na kilo hamsini. Na huyo huyo ndiye aliyeniokoa, hii pumzi ninayovuta leo ni yake, lakini mpaka sasa sijamwambia asante kwa mdomo wangu, na sababu ni mtu mmoja wa Nyarero anayeitwa Wambura Baiskeli. Nimemtaja makusudi. Akitaka kuja kunigombeza aje, kwangu anakujua.

Nirudi nyuma kidogo.

Miaka ile ya dhahabu mimi nilikuwa mchimbaji, na shule nimeishia darasa la tatu, kwa hiyo nikiandika vibaya mnivumilie. Siku moja duara, yaani lile shimo letu la kuchimbia, likatuangukia. Wawili hawakutoka. Mimi nilifukuliwa na watu ambao wengine hata majina yao siyajui, walichimba kwa makarai na kwa mikono mpaka wakanifikia, na popote walipo Mungu awape maisha marefu. Mguu wa kulia ndio uliobaki kule chini, namaanisha upo, ninao, ila haufanyi kazi ya mguu.

Basi nikalala kitandani msimu mzima, na mtu akilala hivyo ama anaanza kunywa ama anaanza kutengeneza kitu. Mimi nilitengeneza treni. Treni niliiona mara moja tu, stesheni ya Mwanza, nikiwa kijana nimepeleka ng'ombe, na haikunitoka kichwani. Kichwa cha treni nilikitengeneza kwa kopo la maziwa, mabehewa kwa makopo ya mafuta ya kupikia, reli kwa ile mikanda ya chuma inayofungia mizigo, na mota nilitoa kwenye redio kaseti iliyokufa. Ukiweka betri inazunguka duara zima bila kuanguka (kwenye kona ya pili ilikuwa inaanguka, lakini niliiwekea kijiti). Sauti ilikuwa haina. Sauti nilitoa mimi, napiga magoti, nafuata treni kwa nyuma, chuku-chuku-chuku, halafu napiga honi kwa mdomo. Msicheke, watu walikuwa wanalipa kuona. Mchimbaji akitoka shimoni anataka bia au anataka kushangaa, na mimi nilikuwa upande wa kushangaa.

Wambura ndiye aliyekuwa mwenzangu. Alikuwa na baiskeli, anabeba sanduku, anaita watu, anakusanya kiingilio. Mdomo anao huyo. Swali letu kila wiki lilikuwa moja, tufike wapi. Nyarero tulikuwa tunakwenda, minada ya karibu karibu tunakwenda, na mpaka wangu ulikuwa mto Mara. Si kwamba mguu ulikuwa hautaki, ni kwamba ng'ambo ya mto, Kenyamonta, ndiko alikokuwa anakaa mama mkwe. Mke wangu Mama Boke alishaniambia siku ya kwanza, anamenya mihogo, hata hakuinua kichwa:

"Baba Boke, zunguka unakotaka, mto usivuke."

"Kwa nini?"

"Utapiga magoti mbele ya mama yangu unalia chuku-chuku? Wewe mwenyewe sema."

Nikakubali.

Wambura ndiye alikuwa hakubali. Kila siku Kenyamonta, Kenyamonta. Kule watu hawajaona treni, kule mnada ni mkubwa, kule hivi. Nikamwambia habari ya mkwe, na baada ya siku kadhaa akaja na uso wa huruma.

"Kaka, mama mkwe wako hayupo Kenyamonta. Amekwenda Mugumu kumuuguza mtoto wa ndugu yake. Nimepishana naye mwenyewe."

"Una hakika?"

"Mura, ndugu yangu, mimi nikudanganye wewe? Kwa lipi?"

Kwa lipi. Hilo swali nilipaswa kulijibu palepale, sikulijibu. Nikasema haya, mara moja tu, na Mama Boke nikamwambia tunakwenda Nyarero. Ndivyo nilivyovuka mto.

Lakini kabla hatujavuka, Wambura akaja na jambo la pili. "Reli bila kokoto ni waya tu," akasema. "Ile ya Mwanza ilikuwa na kokoto, ndiyo au siyo?" Ndiyo, ilikuwa na kokoto. "Basi hilo niachie mimi." Akaleta gunia la mawe madogo, ameyapaka chokaa yote, meupe kama mayai, na kwa kweli nilipoyapanga pembeni mwa reli pale uani kwangu nikajisikia machozi, kwa jinsi ilivyopendeza. Mimi niliyekaa shimoni miaka, niliyekuwa najua jiwe kwa kulishika tu, nikadanganywa na chokaa.

Mwenye mtumbwi alipotuvusha mtumbwi ukakaa chini mpaka maji yanataka kuingia, akamuuliza Wambura, "Hii treni yenu leo imekula nini?" Wambura akacheka sana. Mimi pia nikacheka, tena nikacheka kumzidi yeye.

Mnadani tukapata nafasi nzuri, karibu na Bakari muuza betri, Mwislamu mmoja wa Mugumu, mtu mpole, akanipa betri mpya nilipe nikimaliza. Watu wakajaa. Treni ikatembea vizuri kuliko siku zote, mimi nipo chini nimepiga goti moja (lingine ule mguu), chuku-chuku, wazee wanasogea na fimbo zao, akina mama wanacheka, na nikajiambia kumbe nilikuwa najinyima bure.

Ikaanza mvua. Si kubwa, manyunyu tu. Bakari akatandaza turubai juu ya betri zake, mimi nikaendelea, maana treni ya kweli haisimami kwa mvua. Chokaa ikaanza kutoka. Kwanza maji meupe kama maziwa yakatiririka kwenye reli, halafu mawe yakabaki na rangi yake, na mistari yake myeusi. Jamaa mmoja akachuchumaa. Akaokota jiwe, akalilamba, akaligeuzia kwenye mwanga. Wachimbaji wote ndivyo tunavyopima, na mimi nilipoona ule ulimi nilipaswa kuelewa, lakini nilikuwa napiga honi.

Jamaa huyo ni Magesa, ana duara lake huku kwetu, pande zote mbili za mto anajulikana, na kumbe usiku baada ya usiku alikuwa anaibiwa mawe yenye dhahabu na hajui yanakwenda wapi. Akauliza kwa upole kabisa:

"Mzee, mawe haya ya nani?"

Na mimi, kwa sababu watu wamejaa na nimejisikia bwana stesheni, nikajibu, "Yangu. Reli yangu, treni yangu, mawe yangu, kila unachokiona hapa ni changu."

"Yote?"

"Yote kabisa."

Nikageuka nimwonyeshe Wambura, asifiwe naye kidogo kwa kazi ya kokoto. Sikumwona.

Magesa akapiga yowe. Huku kwetu yowe la mwizi likipigwa hakuna anayeuliza, watu wanakuja na walichonacho mkononi. Wengine wakawahi mawe kwanza, wanagombania, wanayatia mifukoni, wanakanyaga mabehewa yangu, nasikia makopo yanavyobonyea moja moja, na wengine wakanishika mimi. Mtu mmoja akasema apekuliwe kama tunavyopekuliwa mashimoni, yaani unavuliwa, unapanua mdomo, unainua mikono, unaruka ruka wasikie kama kuna kitu kinadondoka. Wakanivua. Wakaniambia ruka. Nikawaambia mguu hauruki. Wakacheka, lakini fimbo zilikuwa zimeshainuliwa, na mimi nimeona mtu akifa kwa yowe, kwa hiyo sikuwa nawaza bukta wala kilo hamsini, nilikuwa nawaza Boke wangu atakavyoambiwa.

Hapo ndipo nikamwona mama mkwe, ambaye hakuwa Mugumu, wala hakuwa amewahi kufikiria kwenda Mugumu.

Nikafumba macho. Nilipofumbua, akawa amegeuka, amenipa mgongo, na nikasema haya, ameondoka, ana haki yake. Kumbe hapana. Amefungua kitenge chake cha juu, amekishika kwa nyuma yake kwa mikono miwili, na anakuja. Kinyumenyume. Hatua moja, anapapasa kwa kisigino, hatua nyingine, kwenye matope na mavi ya ng'ombe, bibi wa umri ule, na watu wakaanza kumpisha mmoja mmoja mpaka kelele zikaisha. Akaja mpaka kitenge kikanigusa kifua. Hakugeuka hata mara moja.

"Jifunge," akaniambia.

Nikajifunga. Ndiyo mara ya kwanza mama mkwe kuniambia neno moja kwa moja tangu nioe.

Kisha akamwita Magesa, bado amenipa mgongo. "Magesa."

"Shikamoo mama," Magesa akasema, na fimbo iko juu.

"Marahaba. Fimbo ishushe kwanza ndipo unisalimie." Akaishusha. "Wewe ukiiba mawe ya mtu utayaleta mnadani?"

"Hapana mama."

"Utayapanga chini, kwenye mvua, uite watu waje watazame?"

Mtu mmoja nyuma akasema labda ni mjinga. "Mjinga ni kweli," mama mkwe akasema, "mwanangu ameniambia. Ila mwizi si yeye. Aliyekuwa anapokea kiingilio chenu yuko wapi?"

Watu wote wakageuka kumtafuta Wambura. Baiskeli haipo, mtu hayupo. Mwenye mtumbwi akasema baadaye alimvusha mapema, na alikuwa anamwambia aharakishe. Ndipo nikaelewa kwa nini ilikuwa lazima Kenyamonta. Upande ule kulikuwa na mtu mwenye kinu cha kusaga mawe, asiyeuliza mawe yametoka wapi, na njiani kote sungusungu walikuwa wanasimamisha kila gunia, isipokuwa gunia la mzee wa treni, maana mzee wa treni wanamjua, wanampungia mkono. Mimi ndiye niliyekuwa pazia lake.

Magesa akanirudishia suruali mwenyewe na akaniomba radhi, na mpaka leo tukikutana ananiuliza hali ya mguu. Bakari akanifuata pembeni, akafungua kanzu yake, akatoa kichwa cha treni kizima, alikiokota kwenye vurugu akakificha kifuani, na betri zake hakutaka nilipe. Kwenye nyumba ya jirani wa mama mkwe nikaletewa uji na mtoto, moto, una maziwa mengi. Nilikunywa nikilia. Mtu akikutendea hivyo siku moja na uliyemwamini akakutendea vile siku hiyo hiyo, hujui ukae upande gani, lakini mimi nikihesabu vizuri wema waliniwahi wakiwa wengi zaidi.

Nyumbani nilifika na kile kitenge. Mama Boke alikitambua, yeye ndiye aliyempa mama yake. Akakitazama, akanitazama, akasema, "Nyarero hiyo." Halafu akanichemshia maji ya kuoga. Hajaniuliza tena mpaka leo, na kwa hilo pia nashukuru.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma. Mkwe akishaona alichokiona, hamwezi kukutana tena mpaka kondoo achinjwe, ndivyo ilivyo. Wazee walikaa ritongo, baraza letu la ukoo, wakaamua: kondoo aletwe na aliyesababisha. Nikisema nilete wangu yaishe, inakuwa nimekiri kwamba mawe niliyaiba mimi. Wambura aliitwa, akasema hajui treni wala mawe, yeye siku ile alikuwa Sirari. Akaitwa tena, hakuja. Misimu imepita. Shemeji yangu alipofariki nilisimama barabarani, maana mama mkwe yuko msibani, wenzangu wanazika. Na sasa mama mkwe anaumwa, hatoki kitandani, na Mama Boke alirudi kutoka kwake juma lililopita akaniambia, "Anakuulizia. Anasema yule mwenye treni hajambo?"

Kwa hiyo treni sipeleki tena popote, nacheza nayo hapa uani na wajukuu, na atakayenisihi niende mbali kuliko ninavyotaka, nitafungua kwanza gunia lake.

Ila wewe Wambura, una duka la saruji pale Nyarero, una paa la bati jipya, watu wanakuamkia. Sitaki saruji yako. Nataka kondoo mmoja, na nataka usimame mbele ya wazee useme gunia lilikuwa la nani. Bibi hana siku nyingi. Nataka nikapige hodi kwake niseme asante, na wewe ndiye umekaa mlangoni. Unakuja lini?