Bakuli la Omena na Kompyuta ya Chuo

Katika zahanati moja ya Homa Bay, juzi, mama mmoja alifunika disketi kwa kiganja. Mwanawe ana malaria inayokataa dawa, na daktari alitaka kupeleka vipimo vya mtoto, vilivyomo kwenye disketi hiyo, kwenye kompyuta kubwa ya chuo kikuu.

"Jina lake halimo, mama," daktari akasema. "Lakini madaktari wa kwingine watavisoma."

"Na vya watoto wao, nyinyi mnasoma?"

"Tunasoma. Mashine inavilinganisha vyote, tujue dawa gani bado inaponya."

"Daktari, nikikupatia bakuli la omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, utanirudishia tupu?"

"Siwezi, mama."

"Basi peleka," akasema, akiinua kiganja.

Mimi niliyewasikia nikiwa kwenye foleni nimesoma mengi kuhusu kasi ya mashine hizo. Sasa nangoja bakuli la mama huyo, na naamini litarudi na kitu.