Kikombe cha Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini kama mshauri nasaha nilipewa beseni la maji. Nilikuwa na sare mpya na cheti kimekunjwa kwenye pochi, nikitegemea kukabidhiwa chumba na mteja. Muuguzi Mfawidhi wa kituo cha afya cha Temeke, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alinisimamisha mlangoni akaniambia ninawe.

"Kila ukitoka kwa mteja unanawa hapa, halafu unakuja kwangu. Nitakuuliza swali moja tu."

"Swali gani, mama?"

"Umetoka na nini kisicho chako?"

Nilicheka moyoni. Enzi zile ushauri nasaha ulikuwa zaidi ni kuwaandaa watu wapokee majibu ya damu, na nilijua nitatoka na karatasi tu. Wiki ya pili nilimsikiliza mwanamke aliyeogopa kwamba mumewe atarudi kumdhuru. Nilipofika nyumbani nikafunga komeo, nikafungua, nikafunga tena, mpaka mama yangu akaniuliza nani ananifuata. Hakuna aliyenifuata. Nilipomweleza Mfawidhi, hakushangaa hata kidogo.

"Hilo komeo ni la mteja wako," alisema. "Mrudishie."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika usimamizi wa kitaalamu, kazi niliyokuja kuifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Vijana wengi hudhani msimamizi ni mkaguzi wa kukamata makosa. Sivyo. Ni mtu mwenye uzoefu anayekaa na mshauri kila wiki na kusikiliza namna alivyosikiliza. Mteja mwenyewe hayupo chumbani, lakini huja. Huja kwenye sauti ya mshauri, kwenye kikohozi chake, kwenye mikono yake. Hali hiyo tuliiita mwangwi. Ukiuona kwa mara ya kwanza, mwili unasisimka.

Kutoka Temeke nilihamishiwa Buguruni, chini ya Mratibu wa Ushauri, bwana mmoja aliyehudhuria kozi nyingi kuliko wateja aliowaona. Kila kitu kwake kilikuwa na tafsiri. Mteja akichelewa, ana maana. Akiwahi, ana maana. Akikohoa, Mungu amsaidie. Nilimcheka, na huku namwiga. Nikaanza kupenda kueleza mambo. Ninawaambia hili mapema kwa sababu upenzi huo wa kueleza nusura umuue mtoto.

Nilipopewa usimamizi upande wa Chamazi, nilikuwa na mshauri kijana aitwaye Neema, mtoto wa mwalimu kutoka Dodoma, mpole na makini. Alikuwa akimtembelea nyumbani kwake Chamazi mama mmoja mwenyeji wa Masasi aliyefiwa na binti yake mkubwa kwa homa ya ghafla. Binti mdogo, mama alisema, alipelekwa kwa bibi yake Masasi. Majirani walijua hivyo. Hata mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, aliambiwa hivyo kwenye simu. Mama, kwa alivyosema, alikuwa akiishi peke yake, na Neema alikuwa akienda kila Jumamosi mchana kumsikiliza.

Siku moja tulikaa kwa kikao chetu, mimi na yeye tu. Neema akamimina chai kutoka kwenye chupa. Akanipa changu, akachukua chake, kisha akamimina cha tatu, akakiweka kwenye kigoda karibu na ukuta na kukifunika kwa kisosi.

"Nani anakuja?" nikamuuliza.

"Hamna mtu, mama." Alikitazama kile kikombe kama vile amekikuta pale. "Hee! Nimekiweka mie?"

Nikaujua mwangwi. Nikamuuliza kama mteja wake hufanya hivyo. Akasema ndiyo, kila akienda mama huweka kikombe cha tatu kwenye kigoda, kando ya mlango wa chumba cha ndani, amekifunika. Hapo nikavimba kichwa. Nikamweleza kwa dakika nyingi kwamba kile ni kikombe cha marehemu, kwamba mfiwa hulinda nafasi ya aliyeondoka, kwamba asimsumbue kwa maswali, amwache aomboleze. Mratibu wa Buguruni angejivunia. Nikaandika kwenye faili, nikapigia mstari.

Wiki iliyofuata Neema alimimina tena cha tatu. Nikanyamaza, maana nilishakifafanua. Wiki ya pili vilevile. Niliona kikombe kile kikitoa mvuke kando ya ukuta usio na mtu, na nakiri nilihamisha kiti changu kidogo.

Wiki ya tatu Neema alijaza nusu tu. Akaongeza maziwa mengi na sukari vijiko vitatu. Kisha, huku akiniambia habari nyingine kabisa, akakiinua na kuanza kukipuliza taratibu.

Nikaweka changu chini. Maiti haungui mdomo.

"Neema, kwa nini unapuliza?"

"Kipoe."

"Nani anakunywa?"

Akakishusha kikombe. Macho yakamjaa maji.

"Mama," akasema, "pale kwa yule mteja, mie nikiwa naaga, kile kikombe huwaga kitupu. Nimekiona kitupu kila siku. Sijui kwa nini sijawahi kukuambia."

Mimi nilijua kwa nini. Nilimpa jibu kabla hajamaliza kuona.

Siri ya mteja tunaitunza, lakini siri ikimfunika mtoto, haitunziki tena. Saa ileile nilimpigia Afisa Ustawi wa Jamii, mzee mwenye suti ya kijivu, akatufuata Chamazi. Ilikuwa siku ya mechi kwenye uwanja wa jirani. Tulimkuta mama amekaa mkekani, amejifunga kanga vizuri, nyumba inang'aa kwa usafi. Akatuamkia, akaenda kuandaa chai. Aliporudi na sinia, vikombe vilikuwa vitano. Wageni tulikuwa watatu.

"Mama," nikamwambia, "hiki cha tano nani anakunywa?"

Akaendelea kumimina. Uwanjani wakafunga goli, kelele zikaja juu ya mabati kama mvua, na katikati ya kelele hizo tukasikia kitu kinagonga upande wa pili wa ukuta. Taratibu, mara mbili. Kelele zilipoisha, na kugonga kukakoma. Mtoto alishafundishwa agonge wakati gani.

"Jamani msimtoe," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya utulivu, hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kifo kilimuona dada yake pale mlangoni, anacheza. Huyu hakijamuona. Mkimtoa kitamuona."

Afisa alifungua chumba. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magodoro. Binti wa miaka sita alikuwa amekaa kitandani, amesukwa vizuri, amepakwa mafuta, mwembamba, anawaka homa, anafumba macho kwa mwanga. Hakulia. Alijiwekea kidole mdomoni, akituonya tunyamaze.

Hospitalini daktari alisema kifua kilikuwa kinaharibika kwa wiki kadhaa, na kwamba tungechelewa siku chache zaidi tusingemkuta. Wiki tatu kati ya hizo zilikuwa zangu. Niliona aibu ambayo haijaniisha. Binti alipona. Mama naye alitibiwa, na baadaye Neema alimwona akimsindikiza shuleni, ameshika mkono wa mtoto kwa nguvu mno, lakini wako nje, juani.

Neema alitaka kuacha kazi. Nikamwambia aliyekosea ni mimi, na nikaandika hivyo kwenye faili, chini ya ule mstari niliopiga. Toka siku hiyo sikumfafanulia mshauri jambo kabla ya kumuuliza lile swali jepesi ambalo hata mtoto angeuliza. Kikombe ni kikombe kwanza. Maana itafuata, kama ipo.

Sasa nimestaafu, niko Madale, kilimani, kimya kingi. Watoto wako mbali. Watu husema ukistaafu unatua mzigo, nami nilisema hivyo kwenye hotuba ya kuagwa. Alasiri moja hivi karibuni niliandaa chai barazani. Nilipokaa nikakuta vikombe viwili. Cha pili kilikuwa nusu, chenye maziwa mengi, kimefunikwa kwa kisosi. Sikukumbuka kukiweka.

Nilikaa nacho muda mrefu. Nilikuwa na tafsiri nyingi, zote nzuri. Kisha nikachukua simu nikampigia Neema, ambaye siku hizi ndiye msimamizi kule Chamazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeweka vikombe viwili."

Hakunifafanulia. Nilimsikia akivuta kiti.

"Nani anakunywa, mama?"

"Sijui," nikasema, na nikaanza kulia.

"Basi usikimwage. Nakuja."