Zaburi Tuliyoishona Mfukoni

Jumamosi ile tulikuwa juu ya paa la kanisa letu, Temeke, mimi na Lukasi, tukiziba matundu ya bati kwa lami. Lukasi alikuwa kuli bandarini na mimi karani huko huko, wote watu wa Masasi, marafiki tangu utoto. Chini alisimama jirani yetu Shaweji, Mwislamu, mzaliwa wa Temeke, aliyetuazima ngazi. Alikuwa ameishika kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anakula muhogo wa kuchoma.

"Nyie Wakristo," alituambia, "kumbe Mungu wenu anavujiwa?"

"Anavujiwa sana," Lukasi akamjibu. "Tumesikia wako ana ngazi, ndiyo maana tukaja kuazima."

Shaweji alicheka hadi muhogo ukampalia. Agnesi, mke wa Lukasi, alikuwa anafagia uani, akatuambia tushuke kabla hiyo midomo haijatuangusha. Nilikuwa na furaha ya bure siku ile, furaha isiyo na sababu, na sikumbuki kama nimewahi kuipata tena.

Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba majeshi ya Uganda yamevuka mpaka na kuingia Kagera.

Sie watatu tulikuwa mgambo. Tulikuwa tumepigishwa kwata viwanjani baada ya kazi, tena kwa fimbo badala ya bunduki, na wengi tulilichukulia kama zoezi la kutoa jasho. Sasa majina yakasomwa, tukaambiwa turipoti kambi ya Gongo la Mboto.

Jumapili ya mwisho, kiongozi wa kanisa letu, Mwinjilisti Yeremia, alihubiri Zaburi ya tisini na moja. Ni ile inayosema kwamba maelfu wataanguka kando yako lakini wewe baya halitakufikia. Akaagiza kila anayekwenda vitani aende nayo mwilini. Mwandiko mzuri pale kanisani ulikuwa wangu. Basi nilishinda mezani siku nzima nikiinakili, karatasi baada ya karatasi, na wanawake wakazishona ndani ya mifuko ya mashati ya waume zao. Yangu niliishona mwenyewe kwa kuwa sikuwa na mke. Sikuona ubaya wowote. Kusema kweli niliona fahari.

Kule kambini nikaiona hirizi kwenye mkono wa Shaweji, na kwa ile fahari yangu nikamwambia huo ni ushirikina.

"Yangu kaiandika mwalimu kwa zafarani," akasema, "na yako umeiandika mwenyewe kwa wino wa ofisini. Mbali na wino, tofauti iko wapi, bwana Stefano?"

Nilimnunia siku mbili.

Vita vyenyewe sivipambi. Tulifika mto Kagera wakati wa mvua, tukakuta vijiji vimechomwa. Niliingia nyumba moja nikaona chungu cha ndizi kiko mekoni, kimejaa hadi juu, na wenyewe wamelala nyuma ya nyumba, hakuna aliyewazika. Tuliwazika sisi. Lukasi aliomba dua fupi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hawa hawakuwa na mtu wa kuwaandikia Zaburi. Nilijifanya sikusikia.

Tukavuka mpaka. Miezi ikapita.

Ilikuwa asubuhi, tumemaliza kunywa uji. Tulikuwa tunapita kwenye migomba, Lukasi mbele yangu hatua kama kumi.

Kombora likaanguka.

Nilipoinua kichwa, yeye alikuwa chini.

Hakulia. Aliniuliza kama mguu wake bado upo.

Nikamwambia upo.

Haukuwapo. Alikufa kabla Shaweji hajafika na machela.

Nilipapasa mfuko wa shati lake. Mshono wa Agnesi haukuwa umeachia hata uzi. Nikaukata kwa kisu. Karatasi ilikuwa ndani, kavu, nzima, na ule mwandiko wangu mzuri.

Mtu mmoja katika kundi letu, ambaye alikuwa akitukana kutwa kucha na kuwacheka wanaosali, alitoka pale bila mkwaruzo. Nilimtazama, nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kwa sauti, wenzangu wakisikia. Tangu siku hiyo nikaacha kusali. Nilibaki na hasira tu, na hasira ilinisaidia kutembea.

Baadaye malaria ikanilaza kwenye shule iliyogeuzwa hospitali. Nilikuwa na Agano Jipya dogo. Nikaanza kulisoma, lakini siyo kutafuta faraja. Karani wa bandari akiona mzigo haukutimia husoma hati zote mstari kwa mstari mpaka amjue aliyedanganya, na mimi nilisoma hivyo. Nilitaka kumkamata Mungu.

Nilipofika Injili ya Luka, sura ya nne, nikasimama. Nilikuwa nimeisikia tangu utoto. Shetani anampeleka Yesu juu ya hekalu, anamwambia ajirushe, maana malaika watamdaka. Na maneno anayomsomea ili kumshawishi yanatoka wapi? Katika Zaburi ile ile. Shetani alikuwa ameikariri. Alitaka kumvalisha Yesu kinga kama tulivyojivalisha sisi, na Yesu akaikataa. Kisha akaenda zake mpaka mahali alipouawa, bila cha kumkinga.

Nilicheka peke yangu pale kitandani. Shaweji, aliyekuja kuniangalia, akadhani homa imepanda. Nikamweleza.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo nilikuwa nawaandikia wenzangu hirizi."

"Si nilikwambia Gongo la Mboto, ukanuna?"

Siku hiyo nikasali tena kwa mara ya kwanza. Mungu wa kinga alikuwa amekufa na Lukasi migombani, na sikuwa na haja ya kumfufua. Niliyemwomba ni yule aliyekataa kuruka. Nilikuwa bado na hasira naye, na nilimwambia hivyo.

Tulishinda vita, tukarudi. Mimi na Shaweji tulikwenda moja kwa moja kwa Agnesi. Habari alikuwa nayo zamani. Alitupokea, akatupa maji, na Shaweji alipotoka nje kuvuta sigara, akanisogelea.

"Shemeji, nikuulize, na usinifiche. Lile shati nililishona nina hasira. Tuligombana asubuhi ile, nikawa natia sindano huku nasonya. Mwinjilisti anasema Neno halisemi uongo, nitafute kasoro nyumbani mwangu. Nimetafuta, nimeiona. Ni mimi niliyemwua, siyo?"

Kwa miezi mingi mwanamke huyu alikuwa akipiga magoti mbele ya kanisa, Jumapili baada ya Jumapili, anatubu kosa la kusonya. Nilimwambia si yeye. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemshukuru mgeni kwa pole yake. Hakuniamini hata kidogo.

Jumapili ya shukrani kanisa lilijaa. Mwinjilisti Yeremia akaniita mbele.

"Ndugu Stefano atatushuhudia jinsi Neno lilivyomkinga."

Agnesi alikuwa benchi la tatu, na kitambaa cheusi kichwani. Nilisema nikimtazama yeye.

"Lukasi alikuwa nayo karatasi ile ile. Niliiandika kwa mkono huu. Mshono wake ulikuwa imara kuliko wangu, na imani yake pia. Yeye kafa, mimi nipo. Karatasi haikunikinga mimi, wala hasira ya mkewe haikumwua yeye. Tulifanya hirizi, ndugu zangu. Mwandishi ni mimi."

"Keti chini, Stefano."

"Sijamaliza. Someni Luka sura ya nne, muone ni nani aliyeitumia Zaburi ile kama tulivyoitumia sisi."

"Unakufuru mbele ya wajane!"

"Mbele ya wajane ndipo ninapotaka kusema."

Wazee wawili wa kanisa wakanishika mikono, wakaniketisha. Wiki hiyo hiyo nikatengwa na Meza ya Bwana mpaka nitakapotubu. Walitegemea ningehama, kwa kuwa makanisa Dar es Salaam hayakuwa haba. Sikuhama. Kila Jumapili nilikuwa benchi la mbele, nimenyoa ndevu, nimevaa shati jeupe, naimba kila wimbo. Waliposhiriki Meza, mimi nilibaki nimekaa, macho makavu. Sikuwa nimemwacha Mungu. Nilikuwa nimeacha kumsingizia.

Wiki nyingi zikapita. Alasiri moja Agnesi akaja kwangu, akaketi mlangoni kwenye mkeka.

"Kama si mie," akasema, "na si karatasi, basi kwa nini, shemeji?"

"Sijui."

"Umemwuliza Mungu?"

"Kila siku."

"Anasema nini?"

"Bado hajasema."

Akalia, kilio cha kweli, siyo kile cha kutubu. Alipomaliza akafuta uso kwa upindo wa kanga.

"Kumbe muda wote namwomba msamaha," akasema, "na mie nilikuwa na haki ya kumwuliza."

Jumapili iliyofuata akaja kuketi benchi langu. Mwinjilisti alipowaita wenye kutubu, alimtazama Agnesi, akangoja. Agnesi naye akamtazama. Hakuinuka. Ilipofika zamu ya Meza, alibaki ameketi nami, ingawa yeye hakuna aliyemtenga.

Mwaka wa pili nilirudishiwa ushirika, kimya kimya, bila kutubu. Mwinjilisti Yeremia hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Ila hakuhubiri tena kwamba Zaburi huzuia risasi.

Lukasi amelala ng'ambo ya mpaka, sijui tena ni chini ya mgomba upi. Nchi yangu ilikuwa na haki ya kujitetea, nilipoitwa nilikwenda kwa moyo, na ningeitwa leo kwa jambo lile lile ningekwenda na magoti yangu haya mabovu. Lakini ushindi haukumrudishia Agnesi mume, na sikubali mtu yeyote aje kuniambia kwamba hesabu hiyo ilitimia mahali fulani mbinguni nisikokuona. Mimi na Agnesi tulimwuliza Mungu swali moja kwa zaidi ya miaka arobaini, tukiwa tumeketi benchi moja. Hakutujibu, nasi hatukuondoka. Wapo walioita hiyo imani haba. Na waite.

Agnesi tulimzika mwaka jana. Sasa namwuliza peke yangu.