Siri za Viuno Kwenye Printa

Hili ninalolisimulia hutaliamini, na ukiliamini nitakushangaa, maana hata waliokuwepo bado wanabishana. Lakini shahidi ni mpwa wangu, mtu asiyejua kudanganya kabisa, kasoro aliyoirithi upande wa baba yake.

Kazini wanamwita Vifungo. Alianza kwa kushona vifungo, miaka mitatu, kwenye karakana ya Mama Mikasi, ghorofani juu ya duka la rangi. Mle ndani mna cherehani kumi na moja, meza ya kukatia ambayo juu yake ungeweza kulaza ukoo mzima, pasi inayokoroma kuliko mlevi, na Mama Mikasi mwenyewe, ambaye akikutazama mara moja tu anajua kola yako ni namba ngapi na nani alikushonea vibaya.

Sasa ushonaji una adabu zake. Mteja akivuta tumbo wakati wa kupimwa, humwambii kitu. Unataja kwa sauti kipimo anachokipenda, anatabasamu. Halafu pembeni unamwandikia mkataji kile cha kweli. "Anavuta tumbo, ongeza inchi mbili." "Bega la kushoto limelala." "Makalio kayasahau nyumbani, punguza nyuma." Zamani siri hizo zilikaa kwenye daftari jeusi, na daftari likakaa kabatini chini ya kufuli.

Vifungo ndiye aliyeleta kompyuta. Alijifunza mwenyewe kuiandikia maagizo, mstari juu ya mstari, mpaka ikawa inasoma orodha ya waliopimwa na kumtolea kila mmoja tiketi: jina, namba, siku ya kuchukua nguo. Siri ya mkataji ilibaki tumboni mwa mashine. Ilifanya kazi miezi sita bila kukohoa. Kisha ile kompyuta kuukuu ikafa, wakanunua mpya, na wiki hiyohiyo hospitali ikawaleta watu wake thelathini na wanane wapimwe sare. Karakana haikuwahi kupata kazi kubwa namna ile.

"Turudi kwenye daftari," akasema Mama Mikasi.

"Mama, maagizo ni yaleyale. Nimeyahamisha kama yalivyo."

"Hata mke anahama kama alivyo. Jikoni kwa mama mkwe ndipo utamjua."

"Nimeyajaribu. Nimetoa tiketi yangu mwenyewe, imetoka safi kama yai."

"Haya. Ikienda vizuri, chumba cha kukatia utakisimamia wewe. Ikiharibika, vifungo vinakusubiri, na kompyuta naiuza."

Asubuhi yote Vifungo alipima. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa metroni, mkuu wa manesi, mama ambaye hata lifti humsubiri. Alivuta tumbo mpaka sauti ikawa ya mtoto.

"Thelathini na mbili," Vifungo akataja, macho kwenye tepu.

"Si nilikwambia? Tangu chuoni haijabadilika."

Nyuma yake dereva wa ambulensi, nyuma ya dereva nesi wa wodi ya watoto, na wengine, mpaka mfamasia aliyekuwa wa mwisho. Walipokwisha wote, Vifungo akabonyeza, printa ikalia, tiketi zikagawiwa kwa majina.

Dereva ndiye aliyeanza. Juu ya jina lake palikuwa na mstari mmoja wa ziada: siri='anavuta tumbo, ongeza inchi nne'.

"Mimi nivute tumbo?" akasema. "La kuvuta ningelipata wapi?"

"Afadhali wewe," nesi akasema. "Mimi hapa naambiwa nina mguu mmoja mfupi, nisijulishwe."

Dereva akatazama miguu yake. Akaihamisha.

Mfamasia, aliyezoea kusoma miandiko ya madaktari, alipitisha macho kwenye tiketi tatu nne za jirani. "Tulieni," akasema taratibu. "Hii si siri yako. Ni ya aliyekutangulia."

Vichwa vikageuka kama vya kuku waliosikia mtama. Kila mtu akamtazama wa mbele yake, na dereva, maskini, akajikuta anamtazama metroni. Tiketi ya metroni ilikuwa safi.

"Lete hiyo karatasi," metroni akasema.

Vifungo alikuwa amekwisha kurukia kompyuta. Nikueleze, maana kompyuta nazijua, niliwahi kubeba moja hadi ghorofa ya tano. Mle ndani kuna karani anayepokea amri, na kila kompyuta huja na karani wake. Kwa kila mteja, Vifungo alimwambia karani: kuna kisanduku kinaitwa siri. Kisha akakijaza. Karani wa zamani, akitangaziwa tena kisanduku anachokijua, alinyamaza. Huyu mpya, ukimtajia kisanduku ambacho tayari anacho, anadhani unauliza kuna nini ndani, basi anakusomea, hapohapo kwenye tiketi. Na alichosomewa dereva ni cha metroni, kwa sababu ndicho kilichokuwa bado kimo. Ndiyo maana tiketi ya majaribio ilitoka safi: mtu wa kwanza hana wa kumrithi.

"Sema ni printa," Mama Mikasi akamnong'oneza.

Metroni alikuwa amefika mezani, karatasi mkononi. Neno moja lake, na hospitali ingekwenda kwa fundi mwingine.

"Si printa, mama," Vifungo akasema. "Ni mimi. Nilijaribu na mtu mmoja, nikadhani nimejaribu na wote."

"Sijauliza mashine. Nauliza hizi inchi nne."

"Ulivuta tumbo, mama. Sare ya thelathini na mbili ungeivaa umesimama. Ukimwinamia mgonjwa, zipu ingekuaga."

Metroni akaegemea meza, akashusha sauti. "Hii niliyovaa inashikwa na pini tatu. Mafundi wote wananiandikia ninachowaambia." Akaikunja karatasi mara nne. "Shoneni. Kwa hizo inchi. Dereva, ulisoma nini?"

"Nisome wapi, metroni? Miwani nimeiacha garini."

"Huna miwani."

"Ndiyo maana sikusoma."

Vifungo akakitangaza kisanduku mara moja tu, kabla ya foleni kuanza, akajaribu kwa majina matatu ya uongo, kisha kwa wote. Tiketi thelathini na nane zikatoka. Mama Mikasi akazipitia moja moja, akazigeuza na nyuma, akafungua droo na kumpa ufunguo wa chumba cha kukatia. Siku ya kuchukua sare, metroni aliinama mbele ya umati kufunga kamba ya kiatu, na zipu ikakaa kimya kama mke mwenza mgeni.

Sifa zikavuka mipaka. Hospitali za nchi saba zikaleta manesi wao, foleni ikashuka ngazi, ikalizunguka duka la rangi, ikafika stesheni, na mpwa wangu akapima watu elfu nne kwa siku moja, kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiandika, na mawaziri wawili wakimshikia—

"Mjomba," anasema Vifungo, ambaye kumbe anasoma nyuma ya bega langu, "ilikuja kliniki ya meno. Watu sita."