Sidii ya Mahari na Mahali

Mwaka 2018, wakati wa kiangazi, nikiwa na umri wa miaka hamsini na minane, niliaibika mbele ya hema zima la wakwe watarajiwa, na hata leo nikikumbuka huchoka upya, kama mtu aliyepika karamu isiyoliwa. Ninasimulia mwenyewe kwa sababu hapa Kagarama mkasa huu umeshasimuliwa ovyo mara nyingi, na mimi (mnanijua) sipendi jambo langu likosewe.

Binti yangu Yvonne alikuwa na mchumba, Samweli wa Gikondo, ambaye wazazi wake walikulia Kigoma wakarudi na Kiswahili safi. Changu kilikuwa cha sokoni, cha "iko maziwa, iko nyanya", na ndimi zetu za Kinyarwanda, kama mjuavyo, hazioni tofauti kubwa kati ya r na l. Lakini mimi, mjane niliyeanza sekondari ya jioni baada ya kumzika mume wangu, sikukubali kuwapokea wageni kwa lugha inayochechemea. Nikatafuta sidii ya masomo ya matamshi, nikawa naisikiliza kwenye kompyuta ya marehemu, mashine nzito ya zamani, ya kukunja, yenye vitufe vya sidii kwenye ukingo wa mbele. Mwalimu wa sidii husema sentensi, husema "Rudia", kisha hunyamaza ili mwanafunzi arudie.

Jumamosi tarehe 14 Julai ndiyo ilikuwa siku ya gusaba, siku ambayo upande wa mwanamume huja rasmi kuomba mchumba. Shemeji yangu Gaspard, msemaji wetu, alitaka muziki upigwe kwa simu. Nikamjibu kwamba wakwe hawapokelewi kwa simu, kwamba sidii ya inanga, zeze letu la asili, tayari imo ndani ya kompyuta. Na kweli ilikuwamo, mpaka alfajiri ile nilipoamua kurudia somo moja tu, la mwisho, nikatoa inanga, nikaweka somo, kisha nikaitwa kutazama nyama, na akili yangu ikabaki kwenye sufuria.

Wageni wakaketi. Mzee Elia, msemaji wao, naye wa kukulia Kigoma, akaweka koti lake sawa. Gaspard akanipa ishara, nikabonyeza, na spika mbili kubwa zikatangaza:

"Mahari haitoshi. Rudia."

Kimya. (Ule wa kumpa mwanafunzi nafasi.)

"Mahali hapatoshi. Rudia."

"Jamani," akasema Mzee Elia, "hata mdomo hatujafungua!"

Nikataka kusimamisha, kidole kikaangukia kitufe cha kuruka mbele. "Wageni wanapenda kula. Rudia." Na vijana wa nyuma, Mungu awasamehe, wakarudia kwa pamoja kama darasa. Nikaifunika kompyuta, ikaendelea, kwa maana mashine zile hucheza sidii hata zikiwa zimefungwa, sifa ambayo marehemu aliipenda sana nami siku ile niliilaani. Gaspard ndiye aliyechomoa waya wa spika.

Ningenyamaza hapo, pengine tungecheka yakaisha. Lakini nilisimama. Nilikusudia kusema kwamba sisi hatutazami mahari, tunatazama mahali binti anapokwenda. Nikakohoa kidogo, nikainua kidevu, nikatamka kwa sauti ya mwanamke aliyesoma:

"Waheshimiwa, sisi hatutazami mahali binti anapokwenda. Tunatazama mahari!"

Mzee Elia akaweka koti lake sawa tena. "Tumekuelewa, mama," akasema. "Somo limeingia." Wakanywa fanta zao kwa adabu, wakaaga kwamba wanakwenda kushauriana, na nyama yote ikabaki.

Yvonne hakulia. Alikunja vitambaa vya meza kimoja kimoja, kisha akaniuliza, "Mama, unataka niolewe na hiyo kompyuta?"

Gaspard alikwenda Gikondo kueleza kosa letu, akarudishwa. Alikwenda tena, akarudi na neno la Mzee Elia: "Aliyetamka ndiye afafanue." Samweli aliacha kupita kwetu, na binti yangu akaanza kusema juu ya arusi kwa "ingekuwa". Kwa hilo tu, si kwa lingine lolote, nikakubali wageni waitwe tena, bila hema, bila spika.

Wakaja wachache. Mzee Elia akasema, "Haya mama, tunasikiliza. Polepole." Nilikuwa nimeiandaa hotuba ya Kiswahili, r zote na l zote mahali pake. Nilipoinuka nikamwona Yvonne mlangoni, nikayaacha yote nikasema kwa Kinyarwanda kwamba mtoto huyu nimemlea peke yangu, na ninachoomba ni apate nyumba ambamo hatasemwa.

Mzee Elia naye akajibu kwa Kinyarwanda, kibovu, kilichopinda kila neno, akamwita bibi arusi kwa upatanisho wa vitu, si wa watu, hata shangazi zetu wakauma ncha za mishanana yao, zile nguo za sherehe za kufunga begani.

"Mzee," Gaspard akamwambia, "hicho ni Kinyarwanda cha ziwani!"

"Nimekisema mbele ya watu kwa mara ya kwanza," akajibu, akijipangusa jasho. "Mama huyu ameniponza."

Tukacheka, na yeye akicheka zaidi yetu. Gaspard akasimama, akatamka rasmi kwamba binti wamepewa. Ilikuwa Jumamosi tarehe 4 Agosti 2018, nami siku hiyo niliapa: Kiswahili nitaendelea kukisoma, lakini neno zito nitalisema kwa lugha ninayolia nayo.