Mabuti ya Shangazi Verlie

Shangazi yangu Verlie anachukia viatu. Vya kwake anavipenda, yale mabuti ya ngozi aliyoachiwa na marehemu mumewe, makubwa mno kwake hata inambidi avae soksi juu ya soksi. Anavyochukia ni viatu vya watu wengine vikiwa juu ya mwamba wetu.

Mwamba huo uko kando ya njia, kule msituni juu ya mto Hawkesbury, hapa kwetu Australia. Ni bapa na umelala chini kama sakafu, na watu wetu wa zamani walimchonga hapo nyangumi mrefu kuliko lori, na samaki wadogo tumboni mwake. Babu alimwonyesha Shangazi, na Shangazi huwaonyesha wageni kila Jumamosi. Huwapanga pembeni, hufagia majani kwa tawi la mkaratusi, halafu ole wake atakayetia unyayo ndani ya mchoro. Nimemwona akimtoa diwani mzima mwambani kwa kumvuta mkanda wa suruali.

Sasa, michoro ile haijionyeshi ovyo. Jua likiwa la utosi, unaona jiwe tu. Uje asubuhi mapema au jioni, mwanga ukiwa umelala, ndipo mistari inaingia kivuli na nyangumi anatokea. Jambo hilo lilimsitiri Shangazi kwa muda mrefu. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, kwa kila alichoshindwa kukiona alilisingizia jua. Mistari haionekani, jua halijakaa sawa. Kanipita dukani bila salamu, jua. Kamtilia kasisi chumvi kwenye chai, basi jikoni kwake jua huingia vibaya.

Daktari wa kliniki akasema ni mtoto wa jicho, kitu kinachotolewa asubuhi na jioni uko nyumbani kwako. Shangazi akakataa katakata. Tulimbembeleza, tukamnunia, wapi. Siku alipoegesha gari ndani ya banda la kuku la jirani, baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alimnyang'anya ufunguo na kumwambia ukweli mbele yetu.

“Unaogopa kisu, dada. Sema tu tujue.”

“Kisu?” Shangazi akamgeukia, au tuseme aligeukia jokofu lililokuwa karibu naye. “Mimi nimezaa watoto wangu bila dawa. Wewe ulipasuliwa jipu ukalia mpaka nesi akakushika mkono.”

Basi nikawa mimi dereva wake, na ndiyo sababu nilikuwepo Jumamosi ile kilipokuja chama cha watembeaji. Kiongozi wao alikuwa Desmond, bwana mwenye fimbo kila mkono na kofia ya kufungwa kidevuni. Jua lilikuwa limelala vizuri kabisa. Shangazi akatangulia, akafagia, akasimama wima na kuanza kazi yake, nami nyuma na ndoo ya maji na chupa ya chai.

Alieleza vizuri kuliko siku zote. Hapa kichwa, hapa jicho, mgongo unapanda hivi. Tatizo ni kwamba alikuwa anaonyesha jiwe tupu. Nyangumi alikuwa chini yake. Mabuti yote mawili yalikuwa yamemkanyaga kichwani, na kisigino kimoja kimetulia juu ya jicho.

Nikawaangalia wageni, nikiona aibu imeshatufika. Desmond akainama, akafinya macho, akasema anamwona barabara, tena mkia wake ni wa kupendeza sana. Mama mmoja akapiga picha. Mwingine akauliza kama lile pale ni pezi, nalo lilikuwa kinyesi cha kangaruu. Hakuna aliyetaka kuwa peke yake asiyeona kitu.

Nilimsogelea Shangazi nikamnong'oneza kwamba amesimama juu ya kichwa. Aliinamisha uso, akatazama chini kwa muda mrefu. Kisha akaketi palepale, akavua mabuti, akavua soksi zote, akatoka mwambani kwa vidole vya miguu kama mtu anayempita mtoto aliyelala. Desmond, akidhani hiyo ni sehemu ya mila, naye akavua vyake. Mara chama kizima kikawa pekupeku, viatu mkononi, nyuso za heshima. Wakateremka hivyohivyo mpaka kwenye magari, njia nzima ikiwa na siafu. Shangazi hakuwaambia vinginevyo.

Ndani ya gari nilicheka mpaka nikashindwa kuwasha injini. Yeye hakucheka. Alikuwa amepakata mabuti.

“Siogopi kisu, Roz,” alisema. “Mistari ilianza kufifia. Sasa kama ni macho yangu, nyangumi bado mzima. Wakinitengeneza nikamkuta anaondoka, hapo nitasingizia nini?”

Nikawasha injini. Mimi naona, na nilijua kwamba mvua na nyayo za watu zilikuwa zimeshaula mkia.

Lakini hakutaka kumkanyaga tena nyangumi, akaenda kupasuliwa bila kuagana na yeyote. Walipomfungua bandeji alinitazama usoni, akauliza nimeanza lini kuzeeka. Baba aliambiwa kwamba ndevu zile hazimsaidii. Alipomaliza kutugombeza akataka apelekwe mwambani, na tukafika jioni, mwanga ukiwa umelala.

Alisimama pembeni. Alikiona kichwa, akaliona jicho, akawataja samaki mmojammoja huku anacheka kama amekutana na shoga zake sokoni. Macho yakafuata mgongo, yakashuka mpaka kwenye mkia, yakakwama hapo. Roho iliniuma, na neno lililonitoka lilikuwa la kwake mwenyewe.

“Labda jua halijakaa sawa, Shangazi.”

“Jua limekaa sawa, mwanangu.”

Akavua mabuti. Akapiga magoti, magoti yakalia, akayafumba yale macho mapya na kuweka kidole juu ya jiwe. Kidole kikaanza kwenda. Kikapanda, kikakunja, kikashuka, kikarudi mgongoni, bila kusita popote wala kuinuka. Machozi yalikuwa yanamdondoka, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyepata alichopoteza.

“Upo,” alisema. “Umechimbika kidogo sana, ila upo. Njoo, lete kidole chako kabla hakijawa kigumu kama changu.”

Nikapiga hatua. Akafumbua macho, akaitazama miguu yangu.

“Viatu, Roz. Kwenye mwamba huu wa kuchungwa si wageni tu, ni sisi wa ukoo, na mimi wa kwanza.”